Mnaoficha Habari za Mazao Mnatunyima Chakula

Mwezi Septemba 2011 wakulima wa Bomet, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, walianza kuona mahindi yao yakifa yakiwa yamesimama. Majani yanapauka, yanageuka manjano, yanakauka kutoka pembeni kuja ndani. Ukilimenya hindi unakuta punje chache zilizosinyaa, au gunzi tupu. Wapo waliopoteza shamba zima. Walipouliza ni ugonjwa gani, hapakuwa na wa kuwajibu, mpaka sampuli zilipopelekwa maabara, zikiwemo za Uingereza.

Ugonjwa huo, ambao wataalamu huuita kwa kifupi MLN, haukuwa mgeni duniani. Ulionekana Kansas, Marekani, mwaka 1976. Kirusi kimojawapo kati ya viwili vinavyouleta kilikuwa kimeshaonekana Peru mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watafiti wa Marekani waliandika kila kitu: kwamba virusi viwili vikikutana ndani ya mhindi mmoja ndipo maafa yanapotokea, kwamba wadudu ndio wanaovisambaza, na kwamba mkulima akiacha kupanda mahindi msimu mmoja akapanda zao jingine, makali yanapungua. Kwa miaka mingi maarifa hayo yalikuwa yamechapishwa na kupangwa kwenye rafu za maktaba. Hayakufika Bomet. Ugonjwa ndio uliofika, na mwaka 2012 ukaingia Tanzania na Uganda, mwaka 2013 Rwanda na Congo, mwaka 2014 Ethiopia.

Tumezoea kulaumu mvua. Mvua ina makosa yake, lakini njaa nyingi za ukanda huu zinaanzia kwenye faili lililofungwa. Mtu anajua, anakaa kimya, na mwingine anapanda bila kujua. Hilo ni kosa la binadamu, lina wenyewe, na wenyewe wanajulikana.

Wa kwanza ni serikali zetu. Tangu mwaka 1951 upo mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, na unazitaka nchi wanachama zitoe taarifa haraka pale mdudu au ugonjwa mpya unapojitokeza na kutishia wengine. Nchi zetu zimeusaini. Sasa tazama kinachofanyika. Bwana shamba wa kata anaona kitu asichokijua. Anaandika barua wilayani. Wilaya inaandika mkoani. Mkoa unaandika wizarani. Wizarani panatokea mtu wa kuuliza: tukitangaza, soko litakuwaje? Majirani wakifunga mpaka je? Basi barua inalala, na wakati imelala, lori la mbegu linavuka Sirari, linavuka Tunduma, linavuka Mutukula, na ugonjwa umo ndani yake. Nchi inayoficha ugonjwa wa mazao ili ilinde soko lake la msimu mmoja inamuuzia jirani yake njaa ya miaka kumi. Sina neno laini la kulisema jambo hilo.

Na sisi Watanzania tusinyooshe kidole nje tu. Mwaka 2018 Bunge letu lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka mmoja baadaye yakalegezwa, baada ya kelele za ndani na nje. Lakini kwa mwaka huo mzima, mtafiti aliyepima mavuno kijijini akapata debe tatu pale ambapo kitabu cha serikali kimeandika magunia, alikuwa na sababu ya kunyamaza. Woga wa namna hiyo haufutiki siku sheria inapofutwa. Unabaki ofisini, unarithiwa.

Matunda yake tuliyaona Machi 2021. Mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha ghafla uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa sababu vipimo vilionyesha sumukuvu kupita kiwango. Malori yakakwama Namanga. Baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Watu wengi walilichukulia jambo hilo kama ugomvi wa biashara, Mkenya na Mtanzania wakitunishiana misuli. Mimi hasira yangu iko kwingine. Sumukuvu inaua. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa katikati ya msiba huo. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wengi wa hao walikula mahindi ya nyumbani kwao, ambayo hayakupita mpaka wowote. Kama sumu hiyo ina uzito wa kufunga mpaka, kwa nini haina uzito wa kubandikwa kwenye ubao wa soko la Kibaigwa? Nitajieni mahali pamoja ambapo mkulima wa Kiteto anaweza kusoma, kwa lugha yake, vipimo vya msimu huu vya wilaya yake na vya jirani zake, ili ajue kama aanike kwenye turubai, akoboe, au asimlishe mtoto kabisa. Vipimo vikisomwa na afisa wa forodha peke yake, vinalinda lori. Havimlindi mlaji.

Watetezi wa usiri watasema mimi ni mtu wa ndoto, kwamba nchi haziwezi kugawana maarifa bila kujiumiza. Hao nawapeleka Amani, kule Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, Tanga.

Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hakikuanzishwa kwa huruma kwetu. Mkoloni alitaka mazao ya biashara. Baadaye Waingereza wakakirithi, na miaka ya 1930 watafiti wake, akiwemo H. H. Storey, wakaanza kuhangaika na muhogo, zao ambalo mkoloni hakulila lakini mwananchi aliishi kwalo. Walitaka muhogo usiougua batobato. Wakauchavusha na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceara, kisha wakarudisha uzao huo kwenye muhogo, kizazi baada ya kizazi, wakiandika kila hatua. Mwaka 1957 mradi ulifungwa. Ungeweza kuishia hapo, kabatini.

Haukuishia hapo kwa sababu mwaka 1956 mbegu za muhogo wa Amani zilitumwa Ibadan, Nigeria. Katika mbegu hizo ulichaguliwa mmea mmoja uliopewa namba 58308. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967, mmea huo ukawa mzazi wa aina nyingi zilizofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia miaka ya 1990, batobato kali iliilipukia Uganda na kufagia mashamba ya muhogo wilaya kwa wilaya, watu wakashinda njaa. Aina zilizorudisha muhogo mashambani ziliwemo zile za Ibadan, na moja yao, waliyoiita Migyera, ina damu ya Amani. Mbegu ya Tanga ilienda Afrika Magharibi ikarudi Afrika Mashariki kuwalisha Waganda. Ilifanikiwa kwa kuwa mtu fulani alikubali kuitoa, akaituma pamoja na kumbukumbu za uzao wake, na mwingine akazitunza kumbukumbu hizo miaka yote. Nani alipoteza kitu kwa mbegu zile kuondoka Amani? Hakuna.

Linganisha na upande wa pili wa kituo hichohicho. Mwaka 1936 Storey aliandika kuhusu ugonjwa mwingine wa muhogo, ule wa michirizi ya kahawia. Huu ni mkatili kuliko batobato, maana majani yanaweza kuonekana mazima huku mzizi umeoza ndani. Mkulima anang'oa akitarajia chakula, anakata, anakuta madoa makavu ya kahawia. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, shida ya Tanga, Mtwara na Kilifi. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, juu kabisa ya mwinuko uliodhaniwa ni salama, ukazunguka Ziwa Victoria, ukaingia Burundi, Rwanda na Congo. Pingili zilikuwa zikipita mikononi mwa watu, kutoka shamba hadi shamba na nchi hadi nchi, kama ilivyo desturi yetu ya kupeana mbegu. Habari haikusafiri nazo. Aliyeipokea pingili hakuambiwa aangalie nini.

Tuliwahi kuwa na chombo cha kufanya kazi hiyo. Utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulikuwa mmoja, makao yake Muguga, karibu na Nairobi, ukihudumia Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ukavunjika nao. Kila nchi ikabaki na kipande chake na lugha yake ya kiofisi. Jumuiya imefufuliwa, ina bunge, ina mahakama, ina wimbo. Utafiti mmoja wa kilimo haina. Wanasiasa waliotusomea hotuba za umoja Arusha hawakuona kwamba funza wa mahindi ameshaungana kabla yao.

Na dunia ya nje nayo ina deni. Bei za nafaka zilipopanda mwaka 2007 na 2008 na maandamano ya njaa yakazuka katika nchi nyingi, mataifa yenye uchumi mkubwa ya G20 yaliunda mwaka 2011 mfumo wa taarifa za masoko ya kilimo, AMIS, wenye makao Roma. Jambo jema. Unafuatilia mazao manne: ngano, mahindi, mpunga na soya. Mtama haumo. Muhogo haumo. Mbaazi hazimo.

Mbaazi ndizo zilizowaumiza wakulima wa Lindi, Mtwara na Babati. Mwaka 2016 bei ilikuwa nzuri, India ikinunua kwa pupa, na watu wakapanua mashamba. Wakati huohuo makadirio ya wizara ya kilimo ya India yalikuwa wazi kwamba mavuno yao ya jamii ya kunde yatakuwa makubwa mno. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Bei huku ikaporomoka hata wengine wakaona kuvuna ni hasara. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa wanazisoma taarifa za New Delhi. Mkulima aliyekuwa amekopa kwa ajili ya palizi hakuwa na wa kumsomea. Balozi zetu zina maafisa wa biashara. Kazi yao ni ipi kama si hiyo?

Kisha kuna ukuta wa fedha. Makala moja ya kitaalamu kuhusu ugonjwa wa mgomba wa Kagera, iliyoandikwa kwa kupima migomba ya Kagera katika mashamba ya Wahaya waliompokea mtafiti na kumpa ndizi, inaweza kuuzwa na mchapishaji wa Ulaya kwa dola 30 na zaidi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilifungua mwaka 2003 mpango wa AGORA ili taasisi za nchi maskini zisome bure au kwa bei ndogo, na nawapongeza kwa hilo. Lakini mlango ule ni wa taasisi zilizosajiliwa. Bwana shamba wa Ngara hana nywila. Na hata akiipata, atakutana na Kiingereza cha maabara, wakati wakulima wake wanazungumza Kiswahili na Kihangaza. Umoja wa Afrika umekifanya Kiswahili lugha yake ya kazi tangu mwaka 2022. Mtafiti anayelipwa kwa fedha ya umma halafu hatoi hata kurasa mbili za Kiswahili kwa kijiji alichokipima, amechukua bila kurudisha. Jarida la Mkulima Mbunifu limeonyesha kwa miaka mingi kwamba maarifa ya kilimo yanaandikika kwa Kiswahili safi na yakasomwa. Kisingizio hakipo.

Nzige ndio waliotuthibitishia kwamba tukitaka tunaweza. Vimbunga vya mwaka 2018 vililowesha jangwa la Rub' al Khali, mpakani mwa Oman, Yemen na Saudi Arabia. Nzige wakazaliana pasipo mtu wa kuwatazama, na Desemba 2019 wakaingia Kenya. Mara hii taarifa zilitembea. Vijana na wafugaji wa kaskazini walipewa simu zenye programu ya kurekodi walipo nzige, taarifa zikafika Nairobi na kwenye kitengo cha nzige cha FAO Roma, ndege zikajua pa kwenda. Mfugaji wa Samburu alikuwa chanzo cha habari cha dunia. Kwa nini asiwe hivyo kwa mahindi na muhogo?

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: kwamba tukifungua kila kitu, kampuni za mbegu za ng'ambo zitachukua maarifa ya wakulima wetu na kutuuzia tena. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za mimea ya chakula unataja haki za wakulima na mgawanyo wa faida. Dawa yake ni kuutekeleza mkataba huo kwa meno. Kumnyima jirani taarifa ya ugonjwa hakujawahi kuizuia kampuni yoyote. Kampuni zina pesa ya kununua makala.

Waheshimiwa mawaziri wa kilimo wa Afrika Mashariki, tunachodai kinaweza kuanza msimu huu. Tangazeni ugonjwa mpya wa mazao ndani ya siku saba tangu uonekane, kwa majirani na kwa wananchi kwa wakati mmoja, na jirani asiadhibiwe kwa kusema kweli. Bandikeni vipimo vya sumukuvu vya kila wilaya kila mwezi. Wekeni sharti kwamba hakuna kibali cha utafiti shambani bila muhtasari wa Kiswahili kurudi kijijini. Ibueni upya utafiti wa pamoja uliozikwa mwaka 1977. Na wewe msomaji unayelima, bwana shamba akija kupima shamba lako, mdai majibu ya vipimo kwa maandishi kabla hajapanda pikipiki yake.