Mapango ya Kondoa Yanataka Walinzi

Mwizi akivunja ghala la kijiji usiku, asubuhi kijiji kizima hutoka kumsaka. Lakini akichimba shimo ndani ya pango lenye michoro ya kale, wengi hupita wakisema, "Hilo ni jambo la Serikali." Sisi twasema jambo hilo ni letu sote, na yatupasa kujitolea.

Katika milima ya Kondoa yako mapango zaidi ya 150 yenye michoro ya watu na wanyama. Mwaka 2006 UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia. Huko Kisese, mahali palipochimbwa na wataalamu mwaka 1956, zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Nyingine zimepimwa na kuonekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000. Waliotutawala walipenda kuandika kwamba Afrika haikuwa na historia mpaka walipofika wao. Mawe ya Kondoa yanawakadhibisha.

Basi nani anayaharibu? Wa kwanza ni mwenye tamaa. Mwaka 1916 Wajerumani na Waingereza walipigana Kondoa, na tangu hapo uvumi umeenea kwamba Wajerumani walificha dhahabu mapangoni. Watu huja na majembe na sururu. Mashimo yapo, dhahabu haionekani. Udongo wa pango umelala tabaka juu ya tabaka, wenye majivu, mifupa na zana za mawe, na la chini ni la kale kuliko la juu. Ukishauchanganya, hakuna mtaalamu awezaye kuurudisha. Wa pili ni anayeandika jina lake juu ya michoro, au kuimwagia maji ili rangi ing'ae. Maji hayo huila rangi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba bila kibali. Lakini sheria haina macho, na walinzi wachache hawawezi kuzunguka milima yote. Mchunga ng'ombe, mkata kuni na mrina asali ndio wapitao huko kila siku.

Kwa hiyo kila kijiji kichague watu wa kujitolea, na kila mmoja apewe pango lake. Alikague mara kwa mara, hasa baada ya mvua. Awe na daftari: tarehe, shimo jipya, jina lililochorwa, jiwe lililobanduka. Mwenye simu ya kamera apige picha. Habari zimfikie mwenyekiti wa kijiji na maofisa wa mambo ya kale siku ileile. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini asiguse michoro, asifukie shimo, wala asipambane peke yake na wachimbaji.

Tunaonya pia. Katika baadhi ya mapango hayo, kama Mungomi wa Kolo, wazee bado hufanya matambiko ya mvua na ya uganga. Anayejitolea hatumwi kuwafukuza. Wazee hao walikuwa walinzi kabla sheria haijaandikwa, na kamati isiyowashirikisha haitafika mbali.

Kwa upande wa Serikali, twasema bila kuficha: kujitolea si njia ya kupunguza walinzi wa mshahara. Taarifa ikiletwa, ofisa afike. Hakuna kinachovunja moyo wa mwananchi kama kupeleka habari ofisini, kisha asijibiwe. Na kijiji kinacholinda kionje faida ya wageni wanaokuja kutazama.

Shamba lililoungua hupandwa tena. Mchoro uliofutika haupandwi. Ndugu, pango lililo karibu nawe, nani amelikagua mwezi huu? Kama hakuna, anza wewe.