Kabla ya kumlaumu mtoto, angalia adapta

Jioni moja ya mvua, katika kijiji kimoja cha tarafa ya Mgeta, wilayani Mvomero, mama mmoja alisimama mlangoni mwa chumba cha wanawe na kuuliza swali ambalo wazazi wengi wameshawahi kuuliza: "Nani amechezea hizi nyaya?"

Kompyuta ya chumba cha mbele, ambako mama huyo huchapa barua na kutoa kopi, ilikuwa haina intaneti. Ile ya chumbani, anayojisomea kijana wake wa kidato cha nne, nayo haikuwa nayo. Mteja alikuwa kibarazani akisubiri fomu yake. Macho yote yakamwangukia mtoto wa mwisho, mwenye umri wa miaka tisa, kwa kuwa ndiye aliyefagia pembeni mwa meza asubuhi. Alikana na hakuaminiwa. Usiku ule alilala bila kula.

Kifaa kilichozima kinaitwa swichi ya mtandao. Si ile swichi ya ukutani ya kuwashia taa. Ni kijisanduku chenye matundu matano, manane au zaidi, kinachopokea waya mmoja kutoka kwenye ruta na kuugawa mtandao kwa kompyuta kadhaa. Familia hiyo ilikitumia kwa sababu kuta za nyumba yao ni nene, na mtandao usiotumia waya haukufika vizuri chumba cha mbele.

Kesho yake alikuja mjomba. Kwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la mjomba lina uzito nyumbani.

"Shikamoo, mjomba," mtoto alisalimia huku akitazama chini.

"Marahaba. Mimi sikuulizi ulifanya nini. Niambie uliona nini."

Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akasema siku mbili nyuma alisikia harufu ya plastiki inayoungua nyuma ya meza. Kwa nini hakusema? "Mngesema ni mimi."

Mjomba alizima umeme wa soketi, akavuta meza. Adapta ya swichi ilikuwa imefunikwa na kitambaa, imechomekwa kwenye ekstensheni moja na pasi, televisheni na chaja tatu za simu. Plastiki yake ilikuwa imegeuka kahawia. Iliungua yenyewe kwa joto, hakuna aliyeichezea. Moto ungeweza kuanzia hapo usiku, watoto wakiwa wamelala mita chache tu kutoka kwenye kitambaa kile.

Ndiyo maana suala la kifaa kidogo kama hiki linawahusu wazazi. Mtoto anayeogopa kulaumiwa huficha dalili ya hatari, na dalili ya umeme haipendi kusubiri. Swichi ikizima nyumbani kwako, fuata hatua hizi kwa utaratibu kabla ya kumuuliza mtu yeyote kwa ukali.

Anza na umeme. Je, uniti za Luku zimebaki? Soketi inafanya kazi? Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama simu inachaji. Kama soketi ina alama za kuungua au inacheza, usiendelee. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Soketi ikiwa nzima, tazama taa ndogo za swichi. Kama hakuna hata moja inayowaka, mshukiwa wa kwanza ni adapta, kwa sababu mara nyingi ndiyo hufa kabla ya swichi yenyewe. Iguse kwa mkono mkavu: uvuguvugu ni kawaida, lakini ikikuunguza au ikinuka, zima umeme wa soketi kwanza, ndipo uichomoe. Usiifungue. Ndani yake kuna sehemu zinazoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Unaponunua adapta nyingine, nenda na ile ya zamani. Soma maandishi yake upande wa umeme unaotoka. Kama imeandikwa 5V na 0.6A, mpya lazima iwe 5V vilevile, na namba ya A iwe 0.6 au zaidi. Angalia pia kile kialama cha kujumlisha na kutoa kilichochorwa karibu na duara, nacho kifanane. Adapta ya ruta yenye 12V inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu la swichi ya 5V na kuiunguza papo hapo. Kuingia si kufaa.

Kama taa zinawaka lakini intaneti haipo, zima vyote kwa nusu dakika. Washa ruta kwanza, ngoja dakika mbili, kisha swichi, kisha kompyuta. Bado? Chomoa waya wa kompyuta kwenye swichi, uuchomeke moja kwa moja kwenye ruta. Intaneti ikirudi, tatizo liko kwenye swichi au kwenye waya unaoiunganisha na ruta. Isiporudi, swichi haina kosa. Angalia bando, ruta, au mtandao wenyewe.

Wakati mwingine kosa liko mbali sana na nyumbani. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, za EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu wakapata intaneti ya kusuasua au wakakosa kabisa. Siku kama hiyo, hata ukibadilisha swichi mara tatu hutapata kitu.

Kama kompyuta moja tu ndiyo imekosa mtandao, hamishia waya wake tundu jingine la swichi. Ikipata, tundu la kwanza limekufa na unaweza kuendelea kutumia mengine. Isipopata, jaribu waya mwingine. Kagua kama panya ameutafuna, kama umebanwa na mguu wa kitanda, au kama kile kiulimi cha plastiki kwenye kichwa chake kimevunjika, kwani bila hicho waya hulegea. Waya mmoja kwa kawaida haupaswi kuzidi mita 100.

Dalili nyingine huwachanganya wengi: taa zote zinapepesa kwa kasi kwa pamoja na hakuna kompyuta inayopata mtandao. Tafuta waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi hiyohiyo. Taarifa huzunguka humo bila kikomo na kuziba njia. Mara nyingi ni mtu aliyeona waya unaning'inia akaamua kuusitiri. Chomoa ncha moja, subiri kidogo, mambo yatarudi. Na kama aliyefanya hivyo ni mtoto, kumbuka alikuwa anapanga nyumba.

Kuna na suala la radi, ambalo watu wa milimani wanalifahamu. Umeme wa radi hupita kwenye nyaya za umeme na pia kwenye waya wa mtandao, hasa uliopita nje kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Ukiona wingu linakusanyika, chomoa adapta na nyaya za mtandao mapema. Radi ikishaanza kupiga, acha. Usiguse waya wowote wala usimtume mtoto kwenda kuchomoa. Kifaa kinanunulika.

Kwa maeneo yenye ukungu na baridi kama Mgeta, weka swichi juu ya meza au rafu, mbali na ukuta unaotoa unyevu, mbali na moshi na masizi ya jikoni, na isifunikwe na kitu chochote. Pasi iwe na soketi yake. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu umeme ukiwa umezimwa.

Ikitokea mtu amenaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ukishindwa kuifikia, simama mahali pakavu na umsukume waya au mtu huyo kwa mti mkavu. Kisha mpeleke kituo cha afya hata kama anasema yuko salama, kwa kuwa umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa moto, namba ya Zimamoto ni 114.

Katika nyumba ile, adapta mpya ilinunuliwa na swichi ikawaka. Ekstensheni ilibaki na televisheni na chaja, pasi ikahamishwa. Mama alimwita mwanawe wa mwisho mbele ya kaka yake na mjomba.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikuonea."

Mtoto hakujibu, aliitikia tu kwa kichwa. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kumwambia mama kwamba soketi ya chumba cha mbele inatoa cheche ukichomeka chaja. Mama alimshukuru kwanza, ndipo akaenda kutazama. Aliyoyasema mtoto yalikuwa kweli, na safari hii fundi aliitwa kabla kitu hakijaungua.