Sehemu ya sita: Simu yako, mtoto wako, na nuru aliyoiumba Mungu

Tangu niliposema sehemu ya tano kwamba mama anayenyonyesha anahitaji kitu kimoja cha kwake mwenyewe, si cha mtoto wala cha mume, meseji hazijakatika. Wengi mmeuliza cha kwangu mimi ni kipi. Ni kupiga picha. Kwa simu hii hii yenye kioo kilichopasuka pembeni. Wengine mkauliza kwa ukali kidogo: sista, wewe si umeokoka, picha na wokovu vinakutana wapi? Leo nijibu hilo, na nitasema mengine ambayo najua si wote mtayapenda.

Nianze na wale wanaosema picha ni sanamu. Kutoka 20 inakataza kutengeneza sanamu na kuisujudia. Sasa fungua Kutoka 26, kurasa chache tu mbele, Mungu huyo huyo anaagiza makerubi watariziwe kwenye mapazia ya hema. Kwa hiyo shida haikuwa sura, shida ni kusujudu. Na wanaosujudu siku hizi wapo, ila hawapigi magoti, wanahesabu laiki.

Kuna mama mmoja nampenda sana kwenye habari hizi, anaitwa Julia Margaret Cameron. Alizaliwa Kolkata, India, mwaka 1815, akaja kuishi Freshwater, kisiwa cha Wight, Uingereza. Alikuwa mama wa watoto wengi na Mkristo wa dhati. Desemba 1863, akiwa na miaka 48, binti yake na mkwewe wakampa zawadi ya kamera ili apate cha kufanya. Unajua studio yake ilikuwa nini? Banda la kuku! Kuku wakahamishwa, stoo ya makaa ya mawe ikawa chumba cha giza cha kusafishia picha. Akatengeneza picha za Mariamu na mtoto Yesu, na aliyekaa kama Mariamu alikuwa Mary Hillier, dada wa kazi wa pale nyumbani. Wataalamu wa wakati ule walimcheka kwamba picha zake zina ukungu, hajui kazi. Yeye akaendelea. Leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya London.

Mimi hapo kinachonigusa zaidi ni yule dada wa kazi. Mtu wa kufua na kupika, na mwajiri wake akamtazama akaona uso unaofaa kuwa wa mama wa Bwana. Hebu jiulize, dada wa kazi wa kwako ana picha hata moja nzuri kwenye simu yako? Au yupo kwenye picha za mtoto tu, amekatwa kichwa, umebaki mkono ulioshika kikombe cha uji?

Sasa ufundi kidogo, maana najua mnaupenda. Mwanzo 1 inasema nuru ilikuwepo siku ya kwanza, jua na mwezi vikaja siku ya nne. Mpiga picha anajifunza hivyo hivyo: tafuta nuru kwanza, vingine baadaye. Zima flashi. Mlaze mtoto karibu na mlango au dirisha asubuhi, nuru imwingie kutoka ubavuni, isimpige usoni moja kwa moja. Wewe shuka chini, magoti sakafuni, simu iwe usawa wa macho yake. Futa kilensi cha simu kwa pindo la khanga, maana kimejaa mafuta ya mtoto, nakwambia nusu ya picha zenu zina ukungu kwa sababu hiyo tu. Halafu subiri. Dakika kumi nzima unamwangalia mtoto wako bila kumvalisha, kumlisha wala kumkemea. Kwangu mimi dakika hizo ni sala. Mara nyingi nazimaliza hata sijabonyeza.

Na hapa niseme kama nesi. Nuru ya taa inadanganya rangi, na simu nayo inaongeza rangi zake. Mnanitumia picha ya mtoto mchanga usiku, "sista, hii ni manjano au?" Sitajibu kwa picha, na asikudanganye mtu anayejibu. Mtazame kwenye nuru ya mchana: weupe wa macho, fizi, viganja, nyayo. Ukiona njano, au ananyonya kwa shida, au amelegea, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Na kama manjano imeanza ndani ya saa 24 za kwanza, hiyo si ya kusubiri kuche.

Haya, tuje kwenye lile zito. Picha za watoto wagonjwa.

Nimefanya kazi wodi ya watoto, nimeona. Ndugu anakuja kutazama mgonjwa, anatoa simu, anapiga mtoto ana mpira wa kulishia puani, kifua wazi. Kabla saa ya kutazama wagonjwa haijaisha, picha iko kwenye magrupu matatu na maneno "tumwombee". Mama wa mtoto hajaulizwa, yeye anaipata kwa jirani. Nimemshika mama wa namna hiyo akilia, na hakuwa analia kwa sababu ya ugonjwa.

Msimamo wangu ni huu: usiiweke. Hata kwa nia njema, hata kwa maombi. Mungu hahitaji picha ili ajue ni mtoto gani. Hajiri alipokuwa peke yake jangwani, mjamzito na amekimbia, alimwita Mungu anayeniona. Alionwa na Mungu, hakuoneshwa kwa watu. Imani yangu imenifundisha tofauti hiyo kuliko mafunzo ya maadili niliyopata chuoni, ingawa na yale yalikuwa mazuri. Na sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti.

Najua mtaniambia, "Sista, bila picha hakuna anayechanga, na bili ya hospitali inasubiri." Ni kweli, na linaniumiza, siwezi kumhukumu mama aliyefika hapo. Ila piga mkono wake mdogo umeshika kidole chako. Anayetaka kutoa atatoa kwa mkono huo. Asiyetaka, hata uso wa mtoto hautamgeuza. Na huyo mtoto akifika darasa la tano, wenzake wasimwoneshe picha ile.

Lakini kuweka mtandaoni ni jambo moja, kupiga ni jambo lingine. Mama wa njiti, unayembeba mwanao kifuani ngozi kwa ngozi, omba upigwe picha. Mwulize muuguzi wa zamu kwanza, hakikisha mtoto wa mwenzio haingii, na flashi izimwe. Na kuna mama ambao mtoto wao hakukaa. Wapo waliokuja kuniuliza, miezi baadaye, kama kuna yeyote wodini aliyekuwa na picha, hata moja. Hapakuwa na mtu. Kwa hiyo sikubaliani na wazee wanaosema kumpiga picha mtoto mgonjwa ni kumtabiria mabaya. Piga, kaa nayo mwenyewe.

Lingine dogo: nyie akina mama hampo kwenye picha zenu wenyewe. Mpe baba simu. Akikata vichwa, mwelekeze, atajifunza. Na simu zinaibiwa, zinatumbukia kwenye ndoo ya maji. Kila mwisho wa mwezi chagua picha mbili, peleka kwa wanaosafisha picha, andika tarehe nyuma kwa kalamu, weka kwenye bahasha moja na kadi la kliniki.

Wiki hii niko zamu za usiku, maswali ya manjano na ya picha nitayajibu Ijumaa. Picha za watoto msinitumie, niandikieni tu.