Panga ni letu, kilalo ni cha nani?

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama na wababa wa Kampene: bei ya chumvi hapa kwetu haipangwi na mama wa soko. Inapangwa na njia. Chumvi, sukari, unga na simenti nyingi zinapanda kutoka Katanga kwa treni mpaka Kindu. Zinashukia upande wa kushoto wa Lualaba, zinavuka mto mpaka Alunguli, halafu zinaanza barabara ya kuja kwetu: kwa gari kama gari linapita, kwa pikipiki kama limeshindwa, kwa baiskeli ya kusukuma kama vyote vimeshindwa. Na mzigo wa kasiterite unaokwenda Kindu unapita humo humo. Kwa hiyo njia ikiharibika tunalipa mara mbili. Chumvi inapanda, na negosian anashusha bei ya kilo pale shimoni, akisema ni juu ya usafiri.

Leo tunataka kuzungumza juu ya wale wanaoshikilia njia hiyo isife. Ni watu wa salongo. Wana panga, jembe na kikapu, hawalipwi hata franka moja. Tunasema wazi: kazi yao ni nzuri na iendelee. Lakini kuna mtego ndani yake, na sisi wa sendika tunapashwa kuuonyesha mapema.

Tuanze na reli. Njia ya treni ya Kindu–Kongolo, kilometa 355, ilijengwa na kampuni ya CFL kabla ya vita ya 1914. Babu zetu wengi walipelekwa kwenye kazi ile kwa nguvu. Vita ya 1998 ilikata treni, na Kindu ilikaa miaka bila kusikia kipenga chake mpaka 2004. Miaka ile reli haikukaa bure. Watu waliifanya njia ya miguu na ya baiskeli. Kanjia kembamba kalichorwa pembeni ya vyuma, na vijiji vikakata majani ili msafiri apite na mzigo wake. Hata leo treni ikichelewa, kanjia kale ndiko soko la vijiji vya pale. Kule Ubundu mpaka Kisangani, kilometa karibu 125, ni vilevile: treni ni ya kubahatisha, lakini baiskeli na pikipiki zinapita pembeni ya reli, na msitu haujafunga njia kwa sababu kuna mikono inayokata.

Upande wetu hatuna reli, tuko na barabara ya udongo, lakini kazi ni ileile. Zamani kampuni ndiyo ilikuwa inalima barabara. Sominki, iliyozaliwa 1976, ilihitaji kasiterite yake itoke, basi ilituma mashine na wafanyakazi wa barabara. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kampuni ikaanza kuzama, na barabara ikazama pamoja nayo. Tangu hapo, aliyebaki ni mwanakijiji.

Mikono inaweza nini? Inaweza mingi. Adui wa kwanza wa njia ni maji. Gari zito linamaliza tu kazi ambayo mvua imekwisha kuanza. Maji yakipata mfereji wao pembeni, njia inadumu. Yakikosa mfereji, yanatembea katikati, yanachimba, na miezi miwili baadaye pale ni shimo la kumeza gari. Kufungua mfereji kunaomba jembe na nusu siku. Kukata majani na matawi kunaacha jua liingie, udongo ukauke. Kwenye reli pia ni hivyo: majani yakifunika chuma, magurudumu yanateleza, na maji yakilala chini ya vyuma, udongo unalegea na treni inaanguka. Kazi hii ndogo, ikifanywa kila mwezi, inaokoa kazi kubwa. Watu wa salongo wanaelewa jambo hilo kuliko wakubwa wengi wenye ofisi.

Lakini mikono haiwezi yote. Haiwezi kilalo. Kilalo cha miti ya msituni kinaoza, tunaweka miti mingine, inaoza tena, na siku moja gari linaanguka mtoni pamoja na watu. Kilalo cha kudumu kinaomba chuma, simenti, fundi aliyesoma na pesa. Mama mjamzito anayeletwa hospitali ya Kampene usiku juu ya pikipiki hawezi kungoja tutafute miti.

Mtego wenyewe uko hapa. Kila mara tunapoziba shimo bila malipo na bila kuandika mahali popote, mwenye deni anapumua. Anasema: "Muko na moyo, endeleeni." Mwaka unaofuata hakuna kitu kwenye bajeti, kwa sababu barabara "inapitika". Kujitolea kwetu kunageuka sababu ya kutufanyia bure.

Tuangalie wengine. Ubelgiji, ambako kampuni zilizojenga reli zetu zilitoka, ilifunga reli zake nyingi ndogo. Vyuma vikatoka, njia ikabaki. Tangu 1995 jimbo la Wallonie limezigeuza nyingi kuwa njia za miguu na baiskeli, wanaziita RAVeL. Marekani kuna sheria ya 1983: reli iliyofungwa inaweza kuwa njia ya watu, na siku treni ikihitajika tena, inarudi mahali pake. Nchi hizo zina watu wa kujitolea pia, wanaokata majani na kuokota takataka siku ya posho kama sisi. Tofauti ni karatasi. Kule Ubelgiji shirika la reli linabaki mwenye udongo, na jimbo linaukodi kwa miaka 99. Kule Marekani sheria inaomba mtu mmoja atie sahihi kwamba anabeba kodi na hatari za njia. Kwa hiyo mwenye kujitolea anakata majani, wala hakuna anayemwomba ajenge kilalo.

Tena tuna mfano wa kutisha karibu zaidi. Kusini mwa Tanzania, Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea juu ya mradi wa karanga. Karanga zikashindwa, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Leo Tanzania inapanga reli mpya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, na itaanza kama mtu asiyewahi kuwa na reli. Kwa hiyo kijana anayewaza kuuza chuma cha reli kwa kilo ajue: anauza chumvi ya watoto wake.

Sasa sheria yetu inasema nini? Kwanza, katiba ya 2006, kifungu cha 16, inakataza kazi ya lazima. Mapatano namba 29 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ya 1930, ambayo Kongo imeyakubali tangu 1960, yanaruhusu kazi ndogo ndogo za kijiji, lakini kwa sharti: wakaaji wenyewe au wajumbe wao waulizwe kama kazi ile inahitajika. Hivyo, salongo tuliyopatana ni salongo. Salongo ya kukamatia watu njiani, ya kutoza mtu faini kwa sababu alikuwa shimoni, ni kitu kingine, na mababu zetu walikijua kwa jina la fimbo.

Pili, pesa ya matengenezo ya barabara ipo katika sheria. FONER iliundwa 2008. Inakula kwenye mafuta na kwenye malipo ya barabarani. Yaani lita ya mafuta iliyoingia nchini kwa njia ya halali imekwisha kulipa barabara kabla haijafika kwenye pikipiki ya Kampene.

Tatu, sheria ya migodi ya 2002, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018. Kifungu cha 242 kinagawa pesa ya redevance, ile inayolipwa juu ya madini yaliyouzwa: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, shefferi au mji ambamo madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni yenye haki ya kuchimba inapashwa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji. Asilimia 15 ile haiko zawadi. Ni ya mahali madini yanapotoka, ndiyo kusema ni ya mahali barabara inapoharibika.

Kuna watakaotujibu: "Mkianza kudai, watu wataweka panga chini na njia itakufa." Tunasikia neno hilo na tunaliheshimu, kwa sababu atakayeumia wa kwanza ni yule mama wa soko. Hatusemi panga liwekwe chini. Tunasema panga liandikwe.

Kila kikundi cha salongo kiwe na daftari. Kiandike siku, mahali kilipofanya kazi, watu wangapi, mifereji mingapi ilifunguliwa, vilalo gani vimeoza. Nakala moja iende kwa shefu wa sekta, moja ibaki kwetu. Mwisho wa mwaka tutakuwa na hesabu mikononi: siku hizi tulizitoa sisi, vilalo hivi vinawangoja ninyi. Mkubwa anaweza kukataa maneno, lakini daftari lenye tarehe ni kazi kulikataa.

Halafu mambo manne tuyaombe pamoja. Sekta ibandike ukutani pesa ya redevance iliyopokea na ilivyotumika, kwa franka, watu wasome. Panga, jembe na dawa ya aliyejikata vitoke kwenye pesa hiyo, si kwenye mfuko wa mwenye kujitolea. Mtu wa baiskeli asilipishwe kwenye baryeri juu ya njia aliyoilima mwenyewe. Na watoto wakae shuleni. Salongo ni ya watu wazima.

Kwa ndugu zetu wa vijiji vya reli, kutoka Kindu mpaka Kibombo na kuendelea, neno letu ni moja: mkate majani, mfungue mifereji, mpite na baiskeli zenu, lakini muombe SNCC karatasi inayosema mko pale kwa haki na kwamba treni ina mahali pake. Njia ya watu na njia ya treni zinaweza kulala pamoja. Bila karatasi, atakayekuja kesho na pesa atawafukuza kama wageni.

Mvua kubwa hazituulizi kama tumekwisha kupatana. Siku ya posho inayokuja tutatoka tena na panga zetu, kama kawaida. Safari hii mtu mmoja kati yetu atabeba daftari na bic.