Matuga inaongezeka, nasi hatujihesabu

Mwezi uliopita tulimzika mzee wetu Tiwi. Aliaga alfajiri, na baada ya adhuhuri tulikuwa tumeshamsitiri. Kabla ya kutawanyika niliwauliza wanawe: mmeshapiga ripoti kwa naibu wa chifu? Wakaangaliana. Hakuna aliyewaza.

Ndugu zangu, hapo ndipo hesabu yetu inapoharibika. Sensa ya 2009 ilikuta Matuga watu 151,978. Ya 2019 ikakuta 194,252, yaani ongezeko la 42,274 kwa miaka kumi. Hesabu yenyewe ni nyepesi: wanaozaliwa toa wanaokufa, kisha jumlisha wanaohamia, toa wanaohama.

Wengi hudhani ni uzazi tu. Uzazi upo, na kwa chanjo na kliniki watoto wengi zaidi wanakua. Lakini hebu pita Ng'ombeni hadi Waa uone mashamba ya minazi yalivyokatwa ploti. Barabara ya Dongo Kundu imefika Kibundani; mtu anafanya kazi ng'ambo na kulala huku bila kungoja feri ya Likoni.

Vijana wetu nao wanatoka: Mombasa, Nairobi, Saudia, Qatar. Sensa humhesabu mtu alikolala, na mwaka 2019 ulikuwa usiku wa kuamkia 25 Agosti. Kijana wetu aliyelala Changamwe alihesabiwa Changamwe, japo mkewe, wanawe na kaburi lake ni huku.

Sisemi wageni wafukuzwe. Pwani imejengwa na waliokuja. Ninalosema ni kuwa idadi ni pesa: ni kigezo kimojawapo cha mgao wa kaunti, na hutazamwa pia mipaka ya maeneo bunge inapochorwa.

Na cheti ni haki. Bila cheti cha kifo mirathi hukwama, shamba hubaki kwa jina la marehemu, na madalali wa ardhi hupata mwanya. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa atahangaika siku ya kutafuta kitambulisho.

Sheria inatoa miezi sita. Ikipita, ni usajili wa kuchelewa, wenye ada na safari za bure. Sensa ijayo yatarajiwa 2029, tusiingoje. Maziko yasicheleweshwe, lakini kabla ya hitma mtu mmoja aende kwa naibu wa chifu.

Wana wa yule mzee walikwenda Jumatatu yake.