Wahandisi Vijana na Matatizo ya Ziwa

Kabla ya kijana kuitwa mhandisi, hana budi katika mwaka wake wa mwisho chuoni kufanya kazi moja iliyo yake mwenyewe: kulichukua tatizo, kulipima, kulibunia dawa, na kuitetea dawa hiyo mbele ya walimu. Kazi hiyo huitwa mradi au tasnifu, na mwalimu mmoja huisimamia. Leo twapenda kusema machache juu ya namna kijana anavyopata mada na msimamizi wake. Jambo hili hutendeka katika ofisi za vyuo, lakini twaona kwamba lawahusu sana wananchi wa Kigoma, Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika.

Kijana wa Ujiji atakaye shahada ya uhandisi hufunga safari ndefu. Huenda Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu kilianza kufundisha elimu hiyo mwaka 1973, au Mbeya, au kwingineko. Nyuma yake huacha matatizo ambayo ameyaona tangu utoto. Dagaa wetu wasifika nchi nzima, lakini mvua zikinyesha wengi huharibika kabla ya kukauka, na hasara humwangukia mama aliyewanunua mwaloni alfajiri. Mawese bado hukamuliwa kwa mikono katika vijiji vingi. Katika miaka ya 2020 na 2021 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika makazi na sehemu za bandari. Na ziwa hili, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga ulio upande wa Kongo. Gati lijengwe kwa kimo gani, na chanja la dagaa liezekweje kwa gharama anayoimudu mchuuzi? Hayo ni maswali ya wahandisi hasa.

Je, maswali hayo hufika chuoni? Tuangalie mada zinavyogawiwa. Njia moja ni ya orodha: walimu hutangaza mada, na kila mwanafunzi huwahi ile aitakayo. Nyingine ni ya kubisha hodi: mwanafunzi huja na wazo lake akatafuta mwalimu wa kulikubali, akikosa, wazo hutupwa. Nyingine tena ni ya kugawiwa: wanafunzi hugawanywa kwa walimu ili mizigo ilingane, na mada hutafutwa baadaye. Njia ya kwanza humpendelea mwenye miguu myepesi. Ya pili humpendelea anayejulikana na walimu. Ya tatu husawazisha hesabu, lakini haiulizi nani ana ujuzi wa jambo gani.

Dawa ya upungufu huo ilikwisha andikwa zamani. Mwaka 1962 wataalamu wawili wa hesabu wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, walieleza namna ya kuoanisha pande mbili zenye matakwa mbalimbali. Kila mwanafunzi ataje mada azipendazo, ya kwanza hadi ya mwisho. Kila mwalimu naye awapange wanafunzi kwa kadiri wanavyoziweza mada zake. Mwanafunzi huombewa kwanza mada aliyoitanguliza. Mwalimu humshika kwa muda tu, kwani akija anayefaa zaidi humwachia wa kwanza, naye huyo huombewa mada yake ya pili. Huendelea hivyo hadi maombi yakome. Mwishoni hapatikani mwanafunzi na mwalimu ambao wote wawili wangalipendelea kuwa pamoja kuliko walivyopangiwa, na kuwahi mlangoni hakumfai mtu lolote. Madaktari wapya wa Marekani wamekuwa wakipangiwa hospitali kwa njia iliyo jamaa na hiyo tangu mwaka 1952, na mwaka 2012 Shapley na mwenzake Alvin Roth walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa elimu hiyo. Vyuo vyetu vina kompyuta za kutosha kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Lakini hesabu haiwezi kumwoanisha mtu na mada isiyokuwamo katika orodha. Hapa ndipo ilipo haja yetu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu aliye zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa hawezi kulaumiwa kwa kutoijua karaha ya Katonga au Kibirizi ikiwa hakuna aliyemwandikia. Yafaa basi halmashauri, vyama vya wavuvi, wakamuaji wa mawese na wakuu wa bandari wakae kila mwaka, waandike matatizo yao kwa lugha nyepesi, na kuyapeleka vyuoni kabla orodha haijafungwa.

Wako watakaosema kwamba mwalimu asisimamie asichokijua, na kwamba nauli ya Kigoma ni kubwa. Maneno hayo ni ya haki, wala hatuyapuuzi. Mwanafunzi aliyepewa mada njema na msimamizi asiyeifahamu ameachwa kilindini bila kasia. Ndiyo maana twashauri awe na wasimamizi wawili: mwalimu wake chuoni, na mtaalamu aliye hapa. Taasisi ya utafiti wa uvuvi ina kituo Kigoma. Kihinga pana kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulikia michikichi. Tena mada itolewe kabla ya mafunzo ya vitendo yanayotangulia mwaka wa mwisho, ili majuma yale yale ambayo mwanafunzi angeyatumia penginepo ayatumie mwaloni, akipima unyevu wa dagaa na kuwasikiliza wanaoanika.

Mwisho, kazi ikikamilika isilale kabatini. Muhtasari wake urudi kwa Kiswahili kwa wale waliolitoa tatizo, wajue lililofaa na lililoshindikana. Wakuu wa vyuo wakiifungua orodha, ni wajibu wetu wa ziwani kuijaza. Tusipofanya hivyo, watoto wetu watarudi na vyeti vya uhandisi, na mama yule mwaloni ataendelea kumwaga dagaa walioozeshwa na mvua.