Tusiwacheke Mabaharia wa Glasgow

Hapa Darsait, ikitajwa vita ya Unguja ya tarehe 27 Agosti 1896, watu hucheka: dakika 38 tu! Sisi, ambao wengi wetu tuna wazee waliozikwa huko, hatuoni cha kuchekesha. Tufani ya 1872 iliangamiza meli za Seyyid Barghash. Badala yake akaletewa Glasgow, iliyoundwa Scotland mwaka 1878: meli ya fahari yenye mizinga 7 ya makombora ya ratili 9, hasa ya kupigia salamu. Mizinga mikubwa ya St George ilirusha ratili 380. Hata hivyo mabaharia wa Glasgow waliifyatulia, wakazamishwa. Alaumiwe aliyechagua silaha zile. Milingoti yao ilionekana bandarini hadi 1912.